Ukikamatwa kwenye operesheni swali ni moja, umeandikwa wapi? (Tokomeza na nyinginezo)

#1 Ngitili (mwanzisha uzi)

Wakuu poleni na majukumu. Huu uzi nauandika nafuta nauandika nafuta tangu mwaka jana, leo nimesema liwalo na liwe.

Kilichonisukuma ni dogo mmoja hapa kijiweni, kazaliwa 2003, juzi tunapiga stori za misako akauliza "Tokomeza ndo nini, bendi?" Nikabaki namwangalia. Kitu kilichong'oa mawaziri wanne kwa mkupuo, miaka kumi na kidogo tu mtoto hakijui. Na simlaumu maana hata sisi wakubwa tunachokumbuka ni hao mawaziri.

Kwa wasiojua. Tembo walikuwa wanaisha kweli, hapo sibishani na mtu, hesabu ya Selous na Mikumi ya 2009 ilikuta tembo 38,975, ya 2013 ikakuta 13,084. Oktoba 2013 serikali ikaanzisha Operesheni Tokomeza Ujangili, jeshi ndani, polisi ndani, usalama ndani, askari wa wanyamapori ndani. Hata mwezi haukuisha bungeni pakawaka moto, wabunge wanainuka mmoja baada ya mwingine wanasema watu wetu wanapigwa, wanateswa, ng'ombe wanapigwa risasi. Tarehe 1 Novemba ikasitishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, mwenyekiti wake Lembeli, ikaenda kuchunguza, na tarehe 20 Desemba ripoti ikasomwa Dodoma. Vifo vya raia 13, mateso, wanawake kudhalilishwa, watu zaidi ya elfu moja kukamatwa. Kagasheki wa Maliasili akajiuzulu palepale bungeni, Pinda (Waziri Mkuu) akasimama akasema Rais ametengua uteuzi wa Nchimbi (Mambo ya Ndani), Nahodha (Ulinzi) na Mathayo (Mifugo). Tulikesha kwenye redio kama fainali ya kombe.

Sasa mimi ninachouliza hakihusu mawaziri. Wale waliokamatwa usiku na mchana walikuwa wanalala wapi? Nani alikuwa anaandika majina yao? Maana nimekuja kugundua mtu aliyekamatwa na hajaandikwa popote ni kama hajakamatwa, na mtu ambaye hajakamatwa anaweza kufanywa chochote.

Hili nimelijua kwa mjomba wangu. Operesheni yake sio Tokomeza, ni nyingine ya miaka ya nyuma na sitaitaja wala wilaya sitaitaja, familia bado inaishi kulekule. Walikuja alfajiri wakachukua wanaume wa kitongoji kizima kuanzia anayenyoa ndevu. Shangazi yenu mke wa mjomba kila siku anapika ugali na maziwa mgando, anaweka kwenye hotipoti, anatembea mpaka kituo. Askari wa kaunta anafungua kitabu, anapitisha kidole, anasema "mama huyu hayumo". Anarudi na hotipoti yake imejaa. Siku tisa. Siku ya saba yule askari wa kaunta, kijana tu, akamfuata nje akamwambia kwa sauti ndogo mama acha kuchoka, nenda kaangalie kule shuleni. Kumbe wamewekwa kwenye shule ya msingi, shule imefungwa, wanalala darasani kwenye sakafu mikono nyuma.

Mjomba alirudi siku ya tisa usiku. Mguu mmoja kandambili ya bluu mguu mwingine raba ya mtu mwingine. Hakuulizwa swali hata moja akajibu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akila anakula amesimama, mezani hakai, kitako kilikuwa hakikaliki. Hakuna shtaka, hakuna karatasi, hakuna aliyemwambia samahani. Na alipoenda kulalamika akaambiwa kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha na kuniliza: "ulikamatwa lini? mbona kwenye kitabu haupo?"

Karibuni. Naomba matusi tuyaache.


#2 Pembe_Nyeupe

Mleta mada nakuheshimu ila mnatuchosha. Majangili wana SMG, wanaua askari pori, hao nao wana watoto, nani anawafungulia uzi? Ukienda kwao na kitabu na kalamu utazikwa na kalamu yako. Tembo elfu ishirini na tano wameyeyuka miaka minne we unataka watu wabembelezwe na chai ya maziwa. Tokomeza ingeachwa imalize kazi.


#3 mzee wa Kaliua

Namba 2 wewe ni mtu wa lami. Kwetu huku mwenye SMG alijulikana na alishahama mapema, habari za operesheni zilimfikia kabla hazijafika kwa mtendaji wa kata. Waliokutwa ni wenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe hawezi kukimbia kwa sababu ng'ombe hakimbii naye, ndo maana kila operesheni inamkuta nyumbani. Na ng'ombe nao wanakamatwa, tena wao wanahesabiwa vizuri kuliko mwenyewe, faini ya kila kichwa inaandikwa na risiti unapewa (ukibahatika). Nilishasema mahali nikaonekana mlevi: zizi lilikuwa na orodha, watu hawakuwa na orodha.


#4 Ngitili

Mzee wa Kaliua umenimaliza.

Pembe_Nyeupe, jibu lako ni hili. Operesheni imesitishwa tarehe 1, kesho yake tarehe 2 Novemba nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, hapohapo mjini, yakakutwa meno 706 na Wachina watatu. Sio porini, Mikocheni. Na yule mama wa Kichina Yang Fenglan, "malkia wa pembe", alikamatwa 2015, kesi ikaenda Kisutu na mawakili na mashahidi na vielelezo, Februari 2019 akahukumiwa miaka 15. Hakuna aliyesikia amening'inizwa kichwa chini. Wakubwa wa biashara walipatikana kwa karatasi, miamala na upelelezi, sisi wa chini ndo upelelezi wetu ni fimbo.


#5 Pembe_Nyeupe

Ongeza na wale waliokuwa wanabeba kutoka porini mpaka Mikocheni basi, hawakubeba malaika. Pembe halitembei lenyewe.


#6 Kaunta Namba Moja

Nimestaafu, namba yangu sitoi, nilikaa chumba cha mashtaka miaka mingi kuliko nilivyokaa na mke wangu. Nieleze kidogo maana naona wengi mnaongelea kitabu hamkijui.

Mtu akiletwa kituoni unaandika jina, saa aliyoingia, kosa, nani kamleta, hali yake ya mwili alivyoingia, na mali zake. Mkanda, simu, pesa shilingi ngapi, kamba za viatu, anasaini. Zamu ikibadilika wanaoingia na wanaotoka mnahesabu vichwa selo mnaoanisha na kitabu. Kikipungua kichwa kimoja hiyo ni kesi yako wewe wa zamu. Kwa hiyo kile kitabu kinamlinda mahabusu na kinamlinda askari, tena sisi kaunta tulikipenda kwa kujilinda wenyewe, tusidanganyane.

Kwenye operesheni za pamoja mambo yanavurugika hapo. Mwanajeshi hana kitabu cha mahabusu, askari wa wanyamapori anajua kuandika nyara na silaha. Wakikamata sheria inataka wamlete kwa polisi mara moja. Sasa wao wako kilomita 80 porini, gari moja, mafuta ya kupimiwa, mkuu wa kikosi anataka habari za kundi lililobaki leo usiku na sio wiki ijayo. Wanasema tukae naye kidogo kwanza. Hiyo "kidogo kwanza" ndo kila kitu mnachokisoma kwenye ripoti kilipotokea.

Niwaambie na lingine ambalo halisemwi. Mimi nilishakataa kupokea mtu. Kaletwa na difenda usiku, hawezi kusimama, mguu umevimba kama gogo. Nikamwambia aliyemleta siandiki huyu mpaka apite hospitali arudi na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), akifia selo kwangu anakuwa wangu. Nilijiona nimefanya haki. Kumbe wenzangu vituo vingi walikuwa wanafanya hivyohivyo, na matokeo yake wale walioumia sana ndo waliokuwa hawapokelewi, wanarudishwa kambini "wapone kwanza". Yaani aliyeumizwa zaidi ndo anakaa muda mrefu zaidi mikononi mwa waliomuumiza. Nimelifikiria hili nikiwa nimeshastaafu, sio kazini.


#7 Binti Mwanakwetu

Afande namba 6 asante kwa kusema ukweli, ila huyo wa mguu alienda wapi?


#8 Kaunta Namba Moja

Waliondoka naye. Hawakurudi zamu yangu.


#9 wakili wa benchi

Niweke sheria kwa lugha ya sokoni, wasomi wenzangu msinisahihishe nukta.

Katiba ibara ya 13(6)(e) inasema ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Haijasema isipokuwa jangili. Haijasema isipokuwa kwenye operesheni.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba tulizosomea sisi chuoni: kifungu cha 32 ndicho kile cha saa 24 kufikishwa mahakamani. Cha 50 watu hawakijui kabisa, kwamba polisi wana saa NNE za kukuhoji tangu uwekwe chini ya ulinzi, wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Cha 53 uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, cha 54 uruhusiwe kumjulisha wakili au ndugu au rafiki (kuna mazingira wanaweza kukunyima, ni machache), cha 55 utendewe kiutu. Sasa chukua saa nne hizo uzipeleke kwenye lile darasa la mjomba wa mleta mada. Zinaanza kuhesabiwa lini? Mahakamani upande wa mashtaka watakuja na kitabu cha kituo, kinasema kaingia jumanne saa 3 asubuhi, maelezo ya onyo yamechukuliwa jumanne saa 5, safi kabisa. Zile siku nane za nyuma hazipo duniani. Ndo maana nakubaliana na kichwa cha uzi kwa asilimia zote.

Jambo la pili ni maelezo. Kwetu ungamo mbele ya polisi linapokelewa mahakamani likiwa la hiari, na ni kazi ya mashtaka kuthibitisha hiari hiyo, ukipinga inafanyika kesi ndani ya kesi. Mtu bila wakili hajui apinge saa ngapi, anasubiri kujitetea mwisho ndo anasema "nilipigwa", hakimu anaandika ameliwaza baadaye. Na nyara za serikali ni uhujumu uchumi, mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza bila kibali cha DPP (mkurugenzi wa mashtaka), kwa hiyo unakaa mahabusu unatajiwa tarehe tu, upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika. Nimewahi kuwa na mteja alikonda mpaka pingu zikawa zinapita na kiganja.

La tatu, watu wanaofikiri tuna sheria mahususi ya mateso kama Kenya, hatuna. Kenya walitunga ya kwao 2017. Na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso sisi mpaka naandika hapa hatujauridhia. Kwa hiyo askari akishitakiwa anashitakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili au mauaji kama mimi na wewe tukigombana baa.


#10 tikiti maji

Wakili swali la kizushi, mtu anaweza kuishitaki serikali akalipwa?


#11 wakili wa benchi

Anaweza. Ila kwanza anatoa notisi ya siku 90 kwa serikali kabla ya kufungua, na anatakiwa kuthibitisha alikamatwa na nani. Tunarudi palepale kwenye kitabu. Mfugaji wa Ulanga alipigwa na watu wenye kombati usiku, atamtaja nani? "Jitu refu lenye sauti nene"?


#12 Binti Mwanakwetu

Mnaongea wanaume mnasahau kitu. Ripoti ile ya Bunge ilikuwa na mambo ya wanawake, watu walisoma haraka wakaruka wakaenda kwa mawaziri. Sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke na kwa staha. Haya niambieni, huko porini WP (askari polisi wa kike) yuko wapi? Mimi nimekulia pembezoni mwa hifadhi, difenda zinazopita kwetu sijawahi kuona WP hata mmoja nyuma pale, labda akija mkubwa kutembelea. Basi mke anakamatwa ili mume ajitokeze, hilo nalo ni la kawaida mpaka tumelizoea, "tumemchukua mkeo njoo umkomboe", kosa la mke halipo kwenye sheria yoyote. Halafu akirudi hasemi. Akisema bwana anamuacha. Kwenye orodha ya malalamiko utamkuta kaandikisha kuku wanne na baiskeli.


#13 Babu Kinubi

Vijana mnazungumza kana kwamba mambo yalianza 2013. Sisi wa Mwanza na Shinyanga tuliyaona 1976.

Wakati ule vikongwe walikuwa wanauawa sana Usukumani, imani za kichawi. Serikali ikaamua kumaliza, wakakamatwa watu wengi mno, washukiwa, waganga, watu wa kusingiziwa, wakahojiwa na polisi na watu wa usalama na wengine wakafia kwenye mahojiano hayo. Ilipofika kwa Mwalimu hakuficha. Mzee Ali Hassan Mwinyi ndiye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Januari 1977 akajiuzulu. Yeye hakumgusa mtu hata kwa ukucha, alikuwa Dar es Salaam, lakini alisema dhamana ni yake. Na hakuondoka peke yake. Maofisa nao walifikishwa mahakamani na wapo waliofungwa.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo naomba muishike. Mwinyi watu wanamsimulia kila siku, amekuwa kama hadithi ya kufundishia watoto, alijiuzulu 1977 na 1985 akawa Rais, Mungu amrehemu. Lakini kujiuzulu kwake kulifuatana na watu kusimama kizimbani kwa majina yao.


#14 Ngitili

Babu shikamoo. Umegusa palepale.

2013 nusu ya kwanza tuliifanya, mawaziri waliondoka. Mwaka uliofuata Rais Kikwete akaunda na tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi. Nusu ya pili, ya askari fulani wa kikosi fulani kusimama kizimbani aulizwe ulimfanya nini fulani bin fulani, hiyo ndo iliyokosa kelele. Na kina Nchimbi siasa iliendelea, 2024 akawa Katibu Mkuu wa chama, sina tatizo naye, ndo utaratibu wa uwajibikaji wa kisiasa ulivyo, unatoka unarudi. Mjomba wangu yeye harudi popote. Kiti tu kilimshinda.


#15 Mswahili wa Eastleigh

Salamu kutoka Nairobi, huwa nasoma tu huku leo nichangie. Sisi tulikuwa na yetu, Usalama Watch, Aprili 2014. Kulikuwa na milipuko Eastleigh mwisho wa Machi, watu wakafa, serikali ikamwaga polisi mitaani. Nyumba kwa nyumba usiku, nje na watoto, walikamatwa karibu watu elfu nne, wengi Wasomali, wakimbizi na Wakenya wenye kitambulisho mkononi. Vituo vikajaa, kituo cha Pangani hapohapo Nairobi hapakuwa na pa kukanyaga. Wakapelekwa uwanja wa Kasarani, uwanja wa mpira.

Na sasa sikilizeni hii inavyoingiana na mada. Serikali ilitangaza kwenye gazeti rasmi kwamba Kasarani ni kituo cha polisi. Yaani uwanja mzima ukageuzwa kituo kwa karatasi. Sisi tulicheka kwa uchungu, lakini nikiwasoma leo naona hata hiyo karatasi ilikuwa afadhali, mawakili walikuwa na mlango wa kugonga, hata kama walizungushwa getini siku kadhaa. Aprili 9 watu 82 wakapandishwa ndege kwenda Mogadishu, pasipo nafasi ya kueleweka ya kupinga. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ilitoa ripoti mwaka huohuo na walisema wazi kuhusu msongamano na hongo. Hongo ndiyo ilikuwa hadithi ya mtaa mzima, watu walisema sisi ni ATM.

Wazee wetu wa Wajir ukiwatajia uwanja hawacheki kabisa. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia (ukoo wa Kisomali) walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, siku kadhaa juani bila maji, nguo wamevuliwa. Serikali kwa miaka ilisema 57 walikufa. Tume ya ukweli ya 2013 ikasema wanakaribia elfu moja, wenyewe Wajir wanasema ni wengi zaidi. Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Hakuna aliyeandika walioingia ndani ya ule uwanja.


#16 mzee wa Kaliua

Duh. 57 na elfu moja. Hapo ndo nimeelewa mada.


#17 Pembe_Nyeupe

Nimesoma zote. Msimamo wangu kwenye ujangili uko palepale, na askari pori wanaouawa nao wahesabiwe. Ila hiyo ya afande wa kaunta ya aliyeumia kurudishwa kambini, hiyo sikuwa nimeifikiria. Ni kweli pale hapakuwa na wa kumpokea. Mfano kungekuwa na daktari mmoja tu kila kambi, sio wa jeshi, wa halmashauri?


#18 Kaunta Namba Moja

Namba 17 hilo ni wazo la maana kuliko semina zote nilizokaa. Daktari wa nje na karani wa polisi mwenye kitabu, watembee na kikosi. Gharama yake ni posho za watu wawili. Mahabusu aandikwe palepale anapovishwa pingu, saa na mahali, hata kama ni chini ya mbuyu.


#19 tikiti maji

Posho tena, hapo watapatikana mia mbili 😂


#20 mgeni_wa_jana

Samahanini naingilia. Nimejiunga leo kwa sababu nimetafuta nimekuta huu uzi. Mdogo wangu amechukuliwa jana usiku saa 5, kuna msako mtaani kwetu, walikuja na gari mbili wakabeba vijana waliokuwa kibanda cha mpira. Nimeenda kituo cha karibu asubuhi wanasema hayupo. Cha pili hayupo. Simu yake inaita haipokelewi, saa 4 ikazimwa. Nifanye nini jamani mama anapandwa presha.


#21 wakili wa benchi

Usiende peke yako. Mchukue mwenyekiti wa serikali ya mtaa na watu wazima wawili walioona anachukuliwa. Ukifika usiulize "yupo?", sema "nimekuja kuleta taarifa kwamba fulani amechukuliwa saa 5 usiku mahali fulani na watu waliojitambulisha kuwa polisi" na uombe iandikwe, upewe namba ya RB (ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi). Wakigoma mwombe OCS (mkuu wa kituo), akiwa hayupo nenda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Andika saa ya kila unapokwenda na jina la zamu. Ikifika kesho bado, tunaongea habari ya kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe, nitumie ujumbe pembeni, sitakutoza.


#22 Kaunta Namba Moja

Na peleka chakula. Sikiliza vizuri hapa. Askari anaweza kusema hayupo kwa sababu ameambiwa aseme hivyo, lakini chakula cha mtu asiyekuwepo hakipokelewi, hakuna anayetaka bakuli la kesi. Beba chai na mikate kwa jina lake kamili. Kikipokelewa yupo. Kikirudi nenda kituo kingine na chakula hichohicho.


#23 Ngitili

Afande umenikumbusha hotipoti ya shangazi. Mgeni fanya hivyo sasa hivi, usisubiri jioni. Tuko hapa.


#24 mgeni_wa_jana

Kituo cha tatu. Chai imerudi.


#25 Binti Mwanakwetu

Pole mdogo wangu. Endelea. Mama umemwacha na nani?


#26 mgeni_wa_jana

Yuko na jirani. Tunaelekea kile kikubwa cha wilaya, mwenyekiti amekubali kuja ila anadai nauli ya boda.


#27 mgeni_wa_jana

WAMEPOKEA CHAI. Kaunta wamepokea. Bado wanasema hatuwezi kumuona lakini chupa imeingia ndani.


#28 Kaunta Namba Moja

Usiondoke. Subiri chupa itoke. Ikitoka omba uonyeshwe alipoandikwa, saa ya kuingia na hali yake. Tazama hayo mawili usiangalie kosa, kosa litabadilika mara nne.


#29 mgeni_wa_jana

Ameandikwa. Saa ya kuingia wameweka saa 8 mchana leo, wakati amechukuliwa jana saa 5 usiku. Hali wameandika "mzima". Halafu jina la baba wamekosea, wameandika la mtu mwingine kabisa.


#30 wakili wa benchi

Hilo jina lisahihishwe kabla hujatoka hapo, usikubali "tutarekebisha". Akipelekwa gereza la mahabusu kwa jina hilo utamtafuta mwezi mzima. Na hiyo saa 8 mchana piga picha saa ya simu yako, mwenyekiti aandike kwa mkono wake saa aliyochukuliwa, asaini, agonge muhuri. Niko njiani, nipe dakika arobaini.